Shimo la Upande wa Dirisha

Miaka ile nilipokuwa mwalimu wa shule ya mgodi huko Geita, niliamini kwamba mtu hucheza vizuri zaidi akiwa na kitu cha kupoteza. Sikulijua hilo kwa kuliona. Nililijua kwa kulipanga akilini. Wamisionari wa Ushirombo walinisomesha Kilatini na mantiki kwa miaka kadhaa, wakitarajia upadre ambao sikuufikia, na nilichotoka nacho kwao ni mazoea ya kuweka hoja juu ya hoja, kama mwashi awekavyo tofali, bila kuinama kuutazama msingi. Nasema hivi mapema ili msomaji asije akadhani kwamba aliyekosea katika habari hii ni yule aliyeshika fimbo.

Aliyeshika fimbo alikuwa dereva wa winchi. Kazi yake ilikuwa kukiteremsha na kukipandisha kizimba kilichowachukua wachimbaji chini ya ardhi, akisikiliza kengele huku mkono wake ukiwa juu ya wenzo. Ilisemekana kwamba mtu akipanda naye na kikombe cha chai kilichojaa, atafika juu na chai yake yote. Alikuwa Msukuma wa upande wa Mhunze, mrefu, mpole, asiyependa kueleza jambo mara mbili. Tulilingana umri, tukaitana ndugu tulipokuwa wawili. Mbele za watu aliniita mwalimu.

Meza ya biliadi ilitufikia kwa njia ya kawaida ya vitu vya wakati ule: Wazungu waliagiza mpya kwa ajili ya klabu yao, na ile kuukuu ikapewa ukumbi wa wafanyakazi Waafrika. Ilipokuwa ikishushwa kwenye lori mguu wake mmoja wa pembeni ulivunjika, ule uliokuja kusimama karibu na dirisha. Seremala wa mgodi akaweka kigogo badala yake. Magogo hayakuwa haba, kwa kuwa mgodi uliyatumia kuegemezea paa la mapango ya chini. Lakini yaliyo magumu hayakutoka ghalani bila kibali cha maandishi, na yaliyo laini yalitupwa nje ya uzio. Seremala alichukua katika yale yaliyotupwa. Alikikata kigogo kwa kipimo, akakipaka rangi ya kahawia kifanane na miguu mingine, na sote tukamsifu. Siku hiyo meza ilikuwa sawasawa. Hilo nina hakika nalo, maana tuliuweka mpira katikati na ukatulia kama yai kiotani.

Mipira haikufika yote. Tulipata mweupe mmoja na myekundu tisa, tukajitungia sheria zetu: anayetumbukiza mingi ndiye mshindi. Dereva wa winchi hakuwahi kuishika fimbo kabla ya hapo, lakini baada ya miezi michache hapakuwa na mtu wa kumfikia. Alicheza bila dau, na alicheza kwa namna ambayo sijaiona tena. Mpira mwepesi aliuacha, akatafuta ule uliojificha nyuma ya wenzake. Aliugonga kwenye ukingo mmoja, ukaenda wa pili, ukarudi taratibu na kuanguka shimoni kana kwamba umechoka. Mara nyingi alikosa. Akikosa alicheka peke yake na kuuweka mpira mahali palepale ajaribu tena, hata wenzake wakalalamika kwamba wamekuja kucheza na si kumtazama akisali.

Mwaka uliotangulia ulikuwa wa ukame, na ukame huo ndio ulioleta neno la dau.

Dereva wa winchi alikuwa na dada mmoja, mdogo wake. Aliozwa kwa mtu wa kijiji cha jirani kwa ng'ombe kumi na wawili, na kwa kuwa baba yao alikuwa amefariki, ng'ombe hao walikuwa mikononi mwa kaka yake. Mume yule alikuwa mtu wa fimbo, na simaanishi ya biliadi. Dada alivumilia miaka mitatu, kisha akarudi nyumbani kwao akiwa na mkono mmoja usionyooka vizuri, na shauri likafika baraza la mtemi. Wazee wa baraza hawakumlazimisha kurudi. Walisema, kama desturi ilivyo, kwamba mahari irudishwe yote na mwanamke atakuwa huru. Isiporudishwa, yeye bado ni mke wa yule mtu. Walimpa kaka muda hadi mavuno ya mtama. Katika wale kumi na wawili, watano walikuwa wamekufa kwa ukame. Walibaki saba.

Ng'ombe watano mshahara wa dereva wa winchi usingeweza kuwanunua kwa msimu mmoja, hata kama asingekula. Alinieleza hayo tukiwa tumeketi katika hoteli ya chai iliyotazamana na ukumbi. Mwenye hoteli alikuwa Mwislamu mzaliwa wa Tabora, mwana wa mtu wa Pwani aliyekuja bara na biashara ya chumvi; alikuwa akisikiliza kila lililosemwa mezani na kujibu hata asipoulizwa. Mimi ndiye niliyesema kwamba ukumbini wanakuja wageni wenye fedha, madalali na mafundi wa magari na makarani, na kwamba mtu mwenye mkono kama wake anaweza kupata ng'ombe watano bila kuiba. Kisha, kwa kuwa sikuweza kuliacha jambo likiwa jambo tu, nikaongeza nadharia yangu. Nilisema kwamba dau halitamletea fedha tu, bali litamnoa. Anayecheza bure, nilisema, hulegea; asiyeumia akikosa hana sababu ya kutazama vizuri.

Mwenye hoteli aliweka birika chini. Alisema kwamba kamari ni haramu na hilo tulilijua, kwa hiyo hatalirudia. Lakini kulikuwa na jambo jingine.

"Mwalimu, dau humfundisha mtu kuogopa," alisema. "Na mwoga hujifunza njia moja tu, ya kwao."

"Woga hufumbua macho," nilimjibu.

"Hufumbua, naam. Yakamwona simba, yasione shimo."

Dereva wa winchi alitutazama kwa zamu, kama mtu anayesikiliza kengele mbili. Kisha akaniuliza ni nani atakayeshika dau, maana sheria za ukumbi zilikataza fedha kuonekana mezani. Nikasema nitashika mimi. Mwalimu aliaminiwa na kila mtu.

Kwa miezi minne nadharia yangu ilithibitika kila Jumamosi alasiri na kila Jumapili baada ya misa. Mwanzoni alishinda kwa taabu. Baadaye alishinda kabla chaki haijakauka mkononi mwa mwenzake. Wageni walikuja na majigambo na kuondoka wakiitazama fimbo yao kama waliyouziwa mbovu. Karani mmoja kutoka Nyasubi, aliyejulikana Kahama nzima kwa mchezo huo, alikosa mipira mitatu mfululizo, kila mmoja ukipita kushoto kidogo. Waliosimama ukutani wakamwambia kwamba mipira yake imekwenda dirishani kumsalimu shangazi. "Shangazi hajambo," akajibu, akajitahidi kucheka, akaenda zake.

Niliona pia jambo la pili, na nililiona bila kulipa uzito wake. Rafiki yangu hakucheza tena ile mipira iliyojificha. Hakuigonga kwenye kingo mbili. Mchezo wake wote ulikuwa umekusanyika mahali pamoja, katika shimo la pembeni upande wa dirisha. Aliupeleka kila mpira huko, mmoja baada ya mwingine, kwa pigo dogo lisilo na haraka, na hakukosa. Nilipomuuliza kwa nini ameacha mapigo yake ya zamani, alinijibu kwamba yale yalikuwa ya kucheza. Nikaridhika. Nilijiambia kwamba huko ndiko kunolewa: kisu hakinolewi pande zote.

Alikuwa amekwisha kupata thamani ya ng'ombe wawili.

Ugunduzi wangu ulikuja kwa bahati. Nilitaka kuwaonyesha wanafunzi wangu kwamba maji hayapandi kilima hata katika chombo kidogo, na kwa kuwa shule haikuwa na meza iliyonyooka, nikaenda ukumbini asubuhi, wakati hapana mtu, na sahani pana ya bati. Niliiweka katikati ya meza, nikamimina maji kidogo. Maji yalikimbilia upande mmoja wa sahani na kuuacha ule wa pili mkavu. Niliigeuza sahani nikidhani imepinda, yakakimbilia upande uleule. Nikainama, nikakigonga kigogo cha seremala kwa kidole. Kilitoa sauti ya kibuyu kitupu. Chini ya rangi ya kahawia, ambayo ilikuwa nzima, mchwa walikuwa wamekula mti wote na kubakiza ganda na vumbi. Na meza, kwa uzito wa bamba la jiwe lililo chini ya kitambaa chake, ilikuwa ikishuka upande wa dirisha polepole mno, kiasi cha unene wa ukucha kwa mwezi, pengine pungufu ya hapo.

Nilisimama pale muda mrefu, na nakumbuka kwamba hisia yangu ya kwanza ilikuwa furaha. Kila kitu kilieleweka. Wageni walikosa kwa sababu walilenga sawasawa. Rafiki yangu hakukosa kwa sababu mkono wake, ambao ulizoea kukisimamisha kizimba kwa upana wa kidole, ulikuwa umeufuata mteremko siku baada ya siku bila yeye kujua, kama mtu akaaye na mgonjwa asivyoona anavyokonda. Na dau ndilo lililompeleka kwenye shimo lile. Palipokuwa na kitu cha kupoteza, mkono ulichagua mahali ambapo meza yenyewe ilimsaidia, ukajifunza mahali hapo, ukasahau pengine pote.

Ningemwambia siku ileile. Sababu za kutomwambia nilizipanga vizuri, kama nilivyozoea. Kwanza, nilikuwa mshika dau, na waliopoteza wangesema kwamba mimi na yeye tuliwaibia kwa meza iliyoinama. Pili, muda wa baraza ulikuwa unakaribia kwisha. Sababu ya tatu sikuitamka hata moyoni, ila ndiyo iliyonishika: nilitaka kuona itakuwaje. Nadharia yangu haikuwa imekufa. Ilikuwa imejeruhiwa tu, na nilitaka nijue kama mkono ulionolewa kwa dau kwenye meza iliyoinama utaweza kukata kwenye meza iliyo sawa.

Nafasi ilikuja wiki mbili baadaye, wakati mtama ulipoanza kukomaa. Yule karani wa Nyasubi alikuwa ameisambaza sifa ya rafiki yangu, na kutoka Shinyanga mjini ukaja ujumbe kwamba fundi mmoja wa kinu cha kuchambua pamba angependa kucheza naye kwa dau kubwa. Meza ilikuwa nyuma ya duka la mfanyabiashara wa Kihindi. Tulikwenda kwa lori hadi kivukoni, tukavuka, na kutoka Mwanza tukapanda treni. Njiani rafiki yangu alikuwa mchangamfu kuliko nilivyopata kumwona. Alinieleza kwamba akishinda, atakuwa amebakiwa na ng'ombe mmoja tu wa kutafuta, na huyo wajomba zake watamsaidia. Dada yake alikwisha kupanda karanga zake mwenyewe katika shamba la marehemu mama yao. Alilisema hilo la karanga mara mbili, yeye asiyependa kurudia.

Fundi wa pamba alikuwa mtu mnene, Msukuma pia, mwenye nyuzi za pamba kwenye nyusi. Alitupokea kwa adabu, akaamkiana na mwenzangu kwa Kisukuma, wakatajiana koo zao, wakagundua kwamba ni watani.

"Huko Geita mnachimba dhahabu," alisema akipaka chaki. "Leo nami nichimbe kidogo."

"Chimba," rafiki yangu akajibu. "Ila kule kwetu asiyejua kuegemeza huangukiwa na paa."

Watu wakacheka. Mimi niliinama kana kwamba nafunga kamba ya kiatu, nikaitazama meza kwa usawa wa macho. Ilikuwa imenyooka kama ziwa.

Pigo la kwanza la rafiki yangu lilipita kulia kwa shimo. La pili vilevile. Alinyanyuka, akaitazama fimbo, akaomba nyingine. La tatu likagonga mdomo wa shimo na kurudi. Alijaribu kujisahihisha, na kwa kujisahihisha akazidi kuharibu, maana sasa hakujua tena kama kosa liko machoni au mkononi. Mipira iliyojificha, ile aliyoipenda zamani, ilikuwa imekaa mbele yake kwa urahisi, hakuigusa. Fundi hakucheza vizuri hata kidogo. Alitumbukiza sita kwa pupa, na mchezo ukaisha. Thamani ya wale ng'ombe wawili nikaitoa mfukoni mwangu na kumkabidhi.

Rafiki yangu aliushika mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto na kuutazama. Aliniuliza kwa sauti ndogo kama nimeona kosa lake. Nilimwambia kwamba amechoka kwa safari. Neno hilo ndilo nililosema, na nimekuwa nikilisikia tangu siku ile.

Kisha akamgeukia fundi.

"Nina ng'ombe saba Mhunze."

Fundi hakufurahi. Alimwambia kwamba utani una mipaka, na kwamba mtu hachezi na zizi. Rafiki yangu akasema kwamba hachezi. Fundi akakubali kuweka thamani yao kwa fedha, wakatafutwa mashahidi wawili wanaojulikana Mhunze, na wote, kwa kuwa ng'ombe hawashikiki mfukoni, wakanitazama mimi. Mshika dau alipaswa kukubali. Nilikuwa na neno moja tu la kusema, na lilikuwa neno fupi. Nikaitikia kwa kichwa.

Mchezo wa pili sitauandika. Ulikuwa kama wa kwanza, ila mrefu zaidi.

Baada ya safari ile winchi yake ilianza kutikisika. Wachimbaji walisema kizimba kinasimama kabla ya mahali pake au baada ya mahali pake, na mwezi haukuisha kabla hajahamishiwa ghalani, kugawa majembe na makarai. Hakulalamika. Alisema mkono wake umekufa na si haki watu kuning'inia kwenye mkono uliokufa. Jibu la baraza lilikuwa limekwisha kutolewa, na dada yake akaja Geita kumuaga kaka yake kabla ya kurudi kwa mumewe.

Alifika Ijumaa. Jumamosi, kaka akiwa ghalani, alikuja ukumbini akanikuta peke yangu nikipanga viti kwa ajili ya mkutano. Alipiga goti kidogo, mkono wake usionyooka ukiwa ndani ya khanga.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, dada. Karibu."

Alisema amekuja kuiona tu hiyo meza. Aliizunguka polepole, akapitisha kiganja juu ya kitambaa cha kijani kama mwanamke anayechagua doti sokoni. Kisha akatoa mpira mwekundu shimoni, akauweka katikati, akauachia. Mpira ulitulia kitambo, ukaanza kwenda. Ulikwenda bila kusukumwa na mtu, taratibu, moja kwa moja, ukaanguka katika shimo la upande wa dirisha. Akautoa, akauweka tena. Ukaenda tena.

"Ulijua?" aliniuliza.

"Nilijua."

"Kabla ya Shinyanga?"

"Kabla."

Nje lori lilipita likiwa na mawe, dirisha likatetemeka. Alichukua ule mpira, akautia mkononi mwangu, akavifunga vidole vyangu juu yake kama mtu anayempa mtoto kitu asikipoteze.

"Basi mwambie yeye," alisema. "Anadhani ni mkono wake ulioniuza. Mimi nikiondoka, abaki walau na mkono."

Jumapili alfajiri tulimsindikiza mahali malori yaliposimama. Alikuwa na mtungi mmoja na kifurushi cha karanga mbichi, zile alizopanda, alizozing'oa kabla ya wakati wake. Nilimwambia rafiki yangu pale pale, dada yake akisikia, kwa kuwa niliogopa kwamba nikiahirisha nitapata sababu nyingine. Nilimweleza habari za sahani, za maji, za kigogo. Nilimwambia mkono wake ulikuwa mzima. Alisikiliza mpaka mwisho, macho yake yakiwa kwenye gurudumu la lori.

"Kwa nini hukusema?"

Nilitafuta hoja zangu, sikuzipata. Nikamwambia ukweli, kwamba nilitaka kuona.

"Kuona nini, ndugu?"

"Kama dau linamfanya mtu acheze vizuri."

Alifikiri juu ya hilo kwa uangalifu, kama alivyofikiri juu ya kila kitu.

"Na umeona?"

Dereva wa lori alipiga honi. Dada alipanda nyuma, juu ya magunia, akajifunika khanga usoni kwa ajili ya vumbi, na kaka yake akampa mtungi. Lori likaondoka. Rafiki yangu hakurudi nami kwa njia ileile. Alizunguka nyuma ya hoteli, na tangu hapo tulisalimiana tu.

Jumatatu nilikwenda kwa seremala, nikamwomba mguu wa mti wa mninga, ambao mchwa hawauli. Alisema mninga hautoki ghalani bila kibali. Nikaenda ofisini kukiomba. Karani aliandika mistari miwili, mkubwa wake akatia sahihi bila kuinua kichwa. Sikukaa pale hata robo saa.